Ateri Moja, Vena Moja

Sikudhani Ngwande alichukua wembe, akakata kipande cha upana wa kidole kutoka kwenye kila moja ya mabomba mawili yaliyosukwa, akavilaza vyote viwili juu ya kigae cheupe. Kimoja kilibaki duara, mdomo wazi, kana kwamba bado kuna kitu kinapita ndani yake. Cha pili kilinywea kikalala bapa. Wanafunzi sita waliomzunguka wakainama kutazama.

Akawauliza kipi ni ateri na kipi ni vena. Hapo walijibu vizuri, maana swali lenyewe lilikuwa la mtoto wa chekechea, lakini alipowauliza kwa nini, wakaanza kutazamana. Mmoja akasema ateri ni nene. Sikudhani akamwambia kuwa hata kisiki ni kinene, na bado hakuna mtu ambaye angekubali kishonwe tumboni mwake.

Basi akawaeleza kama alivyowaeleza wengine kwa miaka tisa. Ateri inapokea damu ikiwa ndiyo kwanza imetoka kwenye moyo, ina kishindo chake. Ukuta wake una tabaka tatu: ndani utando laini ili damu iteleze, nje uzi mweupe mgumu wa kushikilia, na katikati, penye kazi yenyewe, uzi wa nyama na uzi mpira vimesukwa pamoja kwa unene. Moyo ukipiga, ukuta unatanuka. Moyo ukipumzika, ukuta unajirudi na kuisukuma damu mbele. Vena kazi yake ni kuirudisha damu iliyokwisha kuzunguka, isiyo na haraka wala nguvu. Inatosha iwe na nafasi pana ndani na ukuta mwembamba, pamoja na vali, vile vifuko vidogo vinavyofunga njia damu inapotaka kurudi ilikotoka.

"Ukiiweka vena mahali pa ateri, itavumilia," alisema. "Kila pigo litaitanua kidogo, na haitajirudi, kwa sababu uzi mpira wa kuirudisha haina. Siku itakapopasuka, mwenye nayo hatapata hata muda wa kuita mtu."

Uzi mpira haukuwa na mpira wowote. Ni wanawake wa karakana waliouita hivyo kwa jinsi unavyovutika. Chembe hai zilizofugwa kwenye pipa la kioo, katika maji yenye joto la mwili, ndizo zilizoutema, mwembamba kuliko utando wa buibui, na kila wiki pipa lilitoa vigurudumu vinne au vitano tu vya uzi uliozungushwa. Uzi mweupe na uzi wa nyama vilipatikana kwa wingi, na hakuna aliyevihesabu.

Homa ya chokaa ilipopita bonde la Rufiji haikuua wengi kwa mara moja. Iliwaacha watu wakipona, wakirudi mashambani, wakicheza ngoma, na ndani yao ateri kuu ikikauka kidogo kidogo hadi inakuwa ngumu kama kibuyu. Baada ya hapo mtu anaanza kuhema kwa kutembea hatua kumi. Mashine za kusuka mishipa ya kushona badala ya ile iliyokauka zilijaribiwa kwanza, zikashindwa, kwa sababu zilisuka sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na mwili hautaki sawasawa: karibu na moyo unataka uzi mpira mwingi, mbele zaidi unataka nyama nyingi. Ndipo wakakumbukwa wanawake wa Utete, waliozoea kusuka ukili wa mikeka tangu wakiwa wadogo, mikono ikienda yenyewe huku mdomo ukisema habari za watu.

Nao walikosea kwa namna yao. Mkeka mzuri ni ule ambao ukiuinua juani hauonyeshi tundu hata moja, kwa hiyo msukaji hodari ni yule anayekaza. Wakakaza. Wagonjwa watatu wa mwanzo walikufa ndani ya mwezi mmoja, wakiwa na ateri nzuri za kutazama na ngumu kama zile za chokaa walizotolewa. Sikudhani ndiye aliyesuka mbili kati ya hizo. Tangu siku hiyo alifundisha kulegeza mkono, akawakataza wasukaji kusuka wakiwa na hasira au hofu, na ikawekwa sheria kwamba hakuna atakayemsukia mtu wa damu yake, kwa kuwa mkono wa mwenye hofu hukaza bila yeye kujua.

Kuhusu wake wenza sheria haikusema kitu. Siku Zuhura, mke mdogo wa mumewe, alipolazwa wodini akapewa nambari thelathini na nne, wanawake waliuliza kwa utani kama mke mwenza naye ni damu, wakacheka wao wenyewe kabla ya kujibiwa. Sikudhani alicheka nao. Alikuwa na miaka kumi na mitatu ya kuishi ua mmoja na Zuhura, na asingeweza kusema kwamba hata mwaka mmoja kati ya hiyo ulikuwa mtamu.

*

Daktari Mpendu alikuja saa nne asubuhi, akasimama mlangoni badala ya kuingia. Alikuwa mtu mpole anayependa kusalimia kila mmoja kwa jina lake, na siku hiyo hakusalimia mtu. Alimwita Sikudhani hadi chumba cha pipa.

Sikudhani hakuhitaji kuelezwa. Maji ya pipa, ambayo siku zote yalikuwa meupe kidogo kama maji ya mchele, yalikuwa yamegeuka ya kijani, na harufu ilikuwa ya kitu kilichokufa. Umeme ulikatika siku mbili, betri za akiba zikaisha, na ukungu ukawahi kuingia kabla joto halijarudi. Daktari alisema mbegu mpya ya chembe imeombwa. Itafika, itafugwa, itazaa. Uzi wa kwanza usitegemewe kabla ya miaka miwili.

Wakahesabu vigurudumu vilivyobaki kabatini. Vilikuwa kumi na moja, na ateri kuu moja ya tumboni inakula kumi. Wodini kulikuwa na wagonjwa wawili ambao hawangeweza kungoja hata mwezi: Zuhura, nambari thelathini na nne, na Hidaya Matimbwa, nambari thelathini na tano. Walifika siku moja, mmoja asubuhi, mwingine mchana.

Sikudhani aliuliza kama uzi unaweza kugawanywa, nusu kwa nusu. Daktari akasema hilo amelifikiria hadi kichwa kimemuuma: nusu haitoshi kurudisha ukuta, zingetanuka zote mbili na kupasuka zote mbili. Halafu akasema lile alilojia. Thelathini na nne apewe ateri, foleni ni foleni. Thelathini na tano asukiwe vena isiyo na vali, iwekewe tabaka mbili za uzi mweupe kwa nje ili upana wake ulingane. Angalau atarudi nyumbani kwa miguu yake.

"Kwa muda gani?" Sikudhani aliuliza.

"Mwaka. Akibahatika, na nusu yake."

"Ataambiwa?"

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. Alisema kwamba mtu akiambiwa ana bomu tumboni, huo mwaka wenyewe hauishi, anaufia. Alimwomba Sikudhani asimwambie mtu yeyote, awe mgonjwa au msukaji, na kazi zote mbili azisuke yeye mwenyewe. Sikudhani alikubali kwa sababu hakuona njia nyingine, akatoka mle ndani akiwa na hasira na Daktari, na umeme, na yeye mwenyewe kwa kukubali.

*

Kesho yake alianza na ateri. Aliweka kijiti cha kioo mbele yake, akaloweka nyuzi, akavuta ncha ya kwanza na kuanza kuzungusha, juu, chini, ruka mbili, juu, kama alivyofundishwa na mama yake kwa ukindu. Alisuka kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Kisha akaifunga ile shubiri moja iliyokwisha kwenye pampu ya maji ya chumvi, akaweka kidole.

Haikutanuka. Pampu ilipiga, na ukuta ukakaa vile vile.

Akafumua yote. Uzi mpira ukifumuliwa hauharibiki mara ya kwanza, lakini mara ya pili huanza kuchanika, na ya tatu ni wa kutupa. Akanawa mikono, akanywa maji, akazungumza na wasukaji wengine habari za harusi ya mtu, akarudi. Alisuka tena hadi alasiri. Akafunga kwenye pampu. Mkono wake ulikuwa umekaza tena, kidogo zaidi ya mara ya kwanza.

Hapo Sikudhani aliogopa kweli. Alikaa akitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. Kwa kazi ya Zuhura vilikuwa vinakaza, na yeye alijua vinakaza kwa nini, ingawa hakupenda kujua. Siku moja, miaka mingi nyuma, walipogombana kwa ajili ya kinu, alimwambia Zuhura mbele ya majirani kwamba tumbo lake ni ghala tupu, hata panya hawaingii.  Zuhura aliweka mchi chini, akaingia ndani, na neno hilo halikuombewa radhi mpaka leo.

Alitoka akaenda wodini. Alijiambia kwamba anakwenda kumweleza Zuhura kila kitu na kumwachia aamue mwenyewe. Lake ni lake. Alipofika mlangoni alimkuta Hidaya amekaa kitandani ananyonyesha. Dada yake alimletea mtoto mara tatu kwa siku, mtoto wa miezi mitano mwenye mashavu, na mama mtu alikuwa akihema kwa kule kumshika tu. Kwenye kitanda cha pili Zuhura alikuwa amejiegemeza ukutani, anamchekesha yule mtoto kwa kumkunjia uso. Alipomwona Sikudhani akaacha.

"Leo bi mkubwa umekuja mwenyewe," alisema. "Basi nimekwisha kufa, hawajaniambia tu."

Hidaya alicheka. Sikudhani naye alijitahidi kucheka. Zuhura aliwahi kuwa msukaji pale karakana kwa miaka miwili, kabla ya chokaa kumlegeza, na kwa kusuka vali hakuna aliyemshinda. Vifuko vyake vilikuwa vidogo na safi, vinafunga bila kuvuja. Angeelewa kwa sentensi moja. Sikudhani alifungua mdomo, akamuuliza kama amekula, akaambiwa amekula, akaaga.

Njiani akajitafutia sababu za kumpa Hidaya ateri, na sababu zilikuwepo. Hidaya ana miaka ishirini na minne, Zuhura ana thelathini na nane. Yule ana mtoto asiyejua hata kukaa, huyu hana mtu wa kumlilia zaidi ya mume, na mume ana mke mwingine. Zilikuwa sababu nzuri, ambazo hata kadhi angezisikiliza. Kilichomtesa ni kwamba hakuweza kujua kama angezikubali haraka namna ile iwapo nambari thelathini na nne ingekuwa ya mtu asiyemjua.

Aliketi mbele ya kijiti cha kioo akasema moyoni, hii ni ya Hidaya. Akafumua tena, penye uzi uliochanika akaweka wa kigurudumu cha kumi na moja, akaanza kusuka. Mkono ukalegea. Nyuzi zikaenda zenyewe, juu, chini, ruka mbili, na shubiri ya kwanza ilipofungwa kwenye pampu, ukuta ukapumua chini ya kidole chake, ukatanuka na kujirudi, ukatanuka na kujirudi. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kuzifanya. Alilia akiwa anaisuka, na kilio hicho hakikumkaza mkono hata kidogo.

Siku mbili baadaye alikuwa na chupa mbili mezani, kila moja na bomba lake limejazwa maji na kufungwa ncha, upana sawa, weupe sawa. Mtu asingezitofautisha bila wembe. Mashine ya chumba cha upasuaji, ambayo wanawake waliiita cherehani, haikujua ateri wala vena. Ilisoma nambari ya chupa, ikasoma nambari ya mkono wa mgonjwa, ikashona. Nambari ziliandikwa na Sikudhani. Aliandika thelathini na tano kwenye ateri, akaandika thelathini na nne kwenye vena, akazipeleka mwenyewe.

*

Zuhura alirudi nyumbani kwa miguu yake. Wiki ya tatu alitwanga mpunga, ya tano alikwenda shamba. Mtoro, mume wao, alichinja mbuzi, akasimama mbele ya wageni akasema Mungu amempa mke mwenye mikono ya dhahabu, aliyemwokoa mwenzake bila kinyongo. Watu wakapiga vigelegele. Sikudhani alitazama sahani yake hadi vilipokwisha.

Kuanzia hapo akawa mtumishi wa Zuhura. Alimpikia, akamfulia, akamkataza kubeba ndoo, akamnyang'anya mchi. Zuhura akichelewa kuamka, Sikudhani alikuwa wa kwanza kugonga mlango wake, na akisikia kikohozi alifumba macho kwa faraja. Majirani walisema uke wenza wa namna ile hawajauona. Zuhura alipokea yote kwa mashaka, kama mtu anayeletewa zawadi na asiyemdai chochote, na mara kwa mara alimtania kwamba bi mkubwa ametubu nini.

Hidaya naye alikuwa akipita. Alinenepa, alirudi kuuza maandazi sokoni, na mtoto alianza kusimama kwa kushika kuta. Kila akipita alimsalimia Sikudhani kwa kumshika mikono miwili, akamwita mama. Sikudhani alimpenda yule mtoto na hakuweza kumbeba.

Mwezi wa kumi na moja baada ya upasuaji Zuhura aliacha kumtania. Akawa anakaa barazani, mkono ndani ya khanga, juu ya kitovu. Sikudhani aliona. Alimwendea Daktari, akamwambia ukweli wote kwa mara ya kwanza. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, akauliza kama anajua alichofanya, kisha akasema uzi bado haujapatikana, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyezeeka akiwa amekaa pale pale kitini.

Asubuhi moja, Mtoro akiwa kazini, Sikudhani alikuwa akimenya mihogo uani. Zuhura alitandika mkeka karibu naye, akalala chali, akafunua tumbo.

"Weka mkono wako," alisema.

Sikudhani alifuta mkono kwenye khanga, akauweka. Pigo halikuwa na makali ya ateri. Lilikuwa pana, laini, limetambaa hadi vidole vyote vinne vilinyanyuka, na baada ya kila pigo hapakuwa na kule kujirudi. Alikaa nalo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakuthubutu kulibonyeza.

"Nimezisuka miaka miwili," Zuhura alisema. "Naijua vena."

Sikudhani aliondoa mkono. Alikuwa ametayarisha maneno kwa miezi kumi na moja, kuhusu pipa, kuhusu ukungu, kuhusu vigurudumu kumi na moja, na aliyasema yote sasa, vibaya, akirukaruka. Alieleza jinsi mkono ulivyokaza mara mbili. Hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi kulisema na hakulificha. Zuhura alisikiliza akitazama juu, kwenye paa la banda la kuku.

"Ateri ilikuwa yangu," alisema mwishoni.

"Ilikuwa yako."

"Ukampa Hidaya kwa kuwa ana mtoto."

"Ndiyo."

Zuhura alishusha khanga, akaikunja vizuri pembeni ya tumbo, taratibu, kama anamfunika mtu aliyelala. 

"Ungeniuliza, dada Siku."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita dada kwa miaka kumi na mitatu. Sikudhani aliweka kisu chini.

"Ningekuuliza, ungekubali?"

Zuhura alifikiri. Aliliwaza swali lile kwa dhati, ungeweza kuona, akalitafuta jibu lake huku na huku ndani yake mwenyewe, na Sikudhani alingoja akiwa ameshika muhogo uliomenywa nusu.

"Sijui," Zuhura alisema. "Siku ile ningejua. Yule mtoto alikuwa pale mbele yangu, na mama yake anahema. Labda ningesema mpe. Labda ningesema changu ni changu, kafeni wote." Alifuta jicho kwa kiganja. "Umeninyima na hilo pia. Nitakufa na sijijui mimi ni mtu wa namna gani."

Kisha akaomba maji ya kunywa, na Sikudhani akainuka kwenda kumletea.